Novemba 1903 au Februari 1904: mstari mmoja wa orodha ya abiria na uraia wa vizazi vinne

Mwombaji alizaliwa Marekani mwaka 1978. Baba yake alizaliwa hukohuko mwaka 1947, babu yake mwaka 1916, na baba wa babu ndiye aliyevuka Atlantiki kutoka Ujerumani akiwa kijana wa miaka 23. Mwombaji anataka atambuliwe kuwa raia wa Ujerumani kwa kurithi. Vyeti vya kuzaliwa anavyo vyote, vya ndoa anavyo karibu vyote, na anayo kauli ambayo familia nzima inaijua kwa moyo: babu alikuja 1903.

Kauli hiyo imesimuliwa kwa mapenzi, kizazi hadi kizazi. Ikiwa ni ya kweli, mwombaji hana dai.

Familia hii nimeiunda kwa ajili ya uchambuzi, ndiyo maana haina jina la ukoo wala jina la kijiji. Sheria, fomu na hifadhi za nyaraka nitakazozitaja ni halisi, na mkanganyiko wa tarehe kama huu humpata karibu kila anayefuatilia mhamaji wa miaka ile. Nitamwita aliyevuka bahari "mhamaji" ili tusipotee kati ya babu na baba wa babu.

Kwa nini mwezi mmoja una uzito wote huu

Sheria ya uraia ya tarehe 1 Juni 1870, katika kifungu cha 21, ilisema kwamba Mjerumani aliyetoka nchini na kukaa nje miaka 10 mfululizo alipoteza uraia wake. Hakulazimika kuukana, wala kuapa kwa taifa jingine. Miaka ikitimia, uraia umekatika, na mke pamoja na watoto wadogo walioishi naye huko ng'ambo waliupoteza pamoja naye. Aliyetaka kujinusuru alipaswa kujiandikisha kwenye daftari la ubalozi mdogo wa Ujerumani mahali alipo. Na aliyeondoka na pasipoti au hati ya uraia mkononi, miaka yake 10 ilianza kuhesabiwa siku hati hiyo ilipokwisha muda.

Kisha ikaja sheria ya tarehe 22 Julai 1913, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 1914, na kanuni ya miaka 10 ikafutwa. Hesabu yake ni nyepesi. Aliyeondoka mwaka 1903, pasipo hati wala daftari la ubalozi, alikwisha kuwa si Mjerumani sheria mpya ilipoanza. Aliyeondoka mwaka 1904 au baada yake hakuwa ametimiza miaka 10, na kuanzia hapo kukaa nje peke yake hakukumwondolea kitu. Angeupoteza uraia kwa njia nyingine, hasa kwa kuomba uraia wa nchi ya kigeni.

Mhamaji wetu aliomba na kupata uraia wa tajnisi wa Marekani mwaka 1922. Mwanawe alikuwa amezaliwa mwaka 1916, ndani ya ndoa iliyofungwa mwaka 1913. Kama mwaka 1916 baba alikuwa bado Mjerumani, mtoto alizaliwa Mjerumani. Tajnisi ya baba mwaka 1922 haikumgusa mtoto, kwa sababu yeye alikuwa Mmarekani tangu kuzaliwa kwenye ardhi ya Marekani na hakuomba uraia wowote. Kutoka kwake uraia ukashuka kwa mwanawe wa 1947, na kutoka kwa huyo kwa mwombaji wa 1978, wote wakiwa wamezaliwa ndani ya ndoa, wote kwa upande wa baba. Mnyororo ni safi. Pete moja tu ndiyo inayotetereka: siku mhamaji alipoondoka.

Nasisitiza alipoondoka, kwa sababu watu hutafuta siku ya kuwasili. Kifungu cha 21 kilihesabu tangu mtu alipoitoka ardhi ya nyumbani, na kati ya siku hizo mbili kuna bahari nzima. Kwa aliyesafiri mwishoni mwa Desemba 1903 na kushuka New York Januari 1904, siku ya kuwasili ingemdanganya kabisa.

Karatasi zilizokuwa zikipingana

Kabla ya kugusa meli yoyote, mwombaji alikuwa na ushahidi wa aina mbili kuhusu mwaka wa safari, na wote ulikuwa umeandikwa na serikali.

Sensa za Marekani kuanzia 1900 hadi 1930 ziliuliza mwaka wa kuhamia. Ya 1910 inasema 1903, ya 1920 inasema 1904, ya 1930 inarudi kwenye 1903. Sensa si kiapo. Karani alipita mlangoni, akajibiwa na yeyote aliyekuwa nyumbani, pengine mke ambaye hakuwepo safari ilipofanyika.

Lililotisha zaidi ni tamko la nia ya kuwa raia, la mwaka 1915. Ni fomu ya mahakama, ina muhuri, ina sahihi ya mhamaji mwenyewe chini ya kiapo, na inasema aliwasili New York "mnamo Novemba 1903". Anayelisoma faili bila subira angeishia hapo. Hapa ndipo ninapoona watu wengi wanajikatia tamaa bure.

Sheria ya tajnisi ya tarehe 29 Juni 1906 iliagiza kwamba aliyewasili baada ya siku hiyo awe na cheti cha kuwasili: maofisa walifungua orodha ya meli, wakalitafuta jina lake, wakathibitisha tarehe. Aliyewasili kabla hakudaiwa cheti hicho. Mhamaji wetu, awe alikuja 1903 au 1904, yumo kwenye kundi la pili. Tarehe aliyoitaja mahakamani mwaka 1915 haikulinganishwa na orodha yoyote. Muhuri unathibitisha kwamba alisema hivyo, hauthibitishi kwamba ilikuwa hivyo. Ni kumbukumbu ya mtu aliyekuwa akirudi nyuma miaka kumi na zaidi, kwenye swali ambalo wakati ule mwezi wake haukuwa na maana yoyote kwake.

Orodha ambayo haipo, na ile iliyopo

Mwombaji alianzia Hamburg, na alikuwa na sababu. Orodha za abiria waliotokea bandari ya Hamburg zimehifadhiwa tangu 1850 hadi 1934 katika hifadhi ya nyaraka ya jiji hilo, na zina majina ya takriban watu milioni 5. Hazikuwa na jina lake. Alijaribu tahajia zote alizoweza kuzifikiria, akaingia na kwenye orodha za waliopitia Uingereza. Kimya.

Lakini kijiji cha mhamaji kilikuwa kaskazini-magharibi, na watu wa huko waliondokea bandari ya Bremen. Orodha za Bremen ni msiba. Tangu 1875 wakuu wa jiji walikuwa wakizichoma au kuzitupa zilizozidi miaka mitatu kwa kukosa nafasi, desturi iliyoendelea hadi mwanzoni mwa karne ya 20, na zilizobaki nyingi ziliteketea katika Vita Kuu ya Pili. Leo kinachosomeka hasa ni orodha za 1920 hadi 1939. Ya 1903 au 1904 haipo, na hakuna bidii itakayoirudisha.

Kwa hiyo orodha ikatafutwa upande wa pili wa bahari. Meli iliyofika Marekani ilikabidhi orodha yake kwa maofisa wa uhamiaji wa bandarini, na za New York kuanzia katikati ya 1897 zipo kwenye mikrofilamu katika Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka ya Marekani. Karatasi zilizokuwapo kisiwani Ellis, kituo cha kupokelea wahamaji bandarini New York, kabla ya hapo ziliungua na majengo ya mbao tarehe 15 Juni 1897. Kwa safari ya 1904 tuko salama.

Jina la ukoo halikutoka kwenye faharasa. Lina u yenye nukta mbili, na herufi yake ya kwanza ni K ambayo karani wa meli aliivuta mguu chini ya mstari. Aliyeinakili miaka mingi baadaye alisoma R, na nukta mbili akazifanya i mbili. Jina lililotokea halisomeki kama jina la mtu yeyote. Kilichofanikiwa ni kuliacha jina kabisa na kutafuta kwa mambo mengine: jina la kwanza Wilhelm, umri kati ya miaka 22 na 24, bandari ya Bremen, mwisho wa safari Milwaukee, mji wa Marekani alikokwenda kuishi, kati ya Septemba 1903 na Juni 1904. Walitokea wachache wa kuhesabika, na kila picha ya ukurasa ikasomwa kwa jicho.

(Wapo wanaoamini kwamba majina yalibadilishwa na maofisa wa Ellis. Orodha ziliandikwa na makarani wa kampuni ya meli kwenye bandari ya kuondokea. Ofisa wa Ellis aliishika orodha iliyokwisha kuandikwa na kumuuliza abiria akiifuata. Kosa la tahajia likatafutwe Bremen, au kwa aliyeinakili faharasa.)

Mstari wenyewe

Juu ya ukurasa kuna maneno yaliyochapwa na nafasi zilizojazwa kwa wino: jina la meli, imetoka Bremen, siku ya kwanza ya wiki ya pili ya Februari 1904, imefika New York siku kumi baadaye. Jibu la kisheria limo humo, kwenye kichwa cha ukurasa, sehemu ambayo wengi huikata na kuitupa wanapohifadhi picha ya mstari wa babu yao. Na kwa kuwa bandari ya kuondokea ilikuwa ndani ya Ujerumani, siku meli ilipong'oa nanga ndiyo siku aliyoitoka nchi. Kama angeondokea Antwerp au Rotterdam, ingebidi kuuliza alivuka mpaka lini.

Tarehe 1 Januari 1914 mhamaji alikuwa nje ya nchi miaka 9 na takriban miezi 11. Alibakiza wiki tano na ushei.

Halafu mstari: Wilhelm, miaka 23, mwanamume, hajaoa, kibarua wa shamba, anajua kusoma na kuandika. Makazi ya mwisho: kijiji, kimeandikwa sawasawa. Anakwenda Milwaukee. Nauli imelipwa na shemeji. Ana dola 12. Na safu moja ambayo ningeiwekea kidole: je, amewahi kuwa Marekani kabla ya hapo, lini na wapi? Jibu: hapana.

Hilo "hapana" lina thamani kubwa katika faili hili. Msomaji mkali atasema: sawa, yumo kwenye meli ya Februari 1904, lakini huenda hiyo ni safari ya pili, na ya kwanza ilikuwa Novemba 1903 kama alivyoapa. Safu hiyo inaifunga njia ya hoja hiyo. Na hata ingekuwa kweli kwamba alikuja, akarudi, akaja tena, kurejea nyumbani kungekata ule mfululizo wa miaka 10 na hesabu ingeanza upya.

Uzito wa orodha unatokana na namna ilivyoandikwa. Sheria ya Marekani ya 1893 ilimlazimisha nahodha kuithibitisha kwa kiapo kabla ya kuondoka, na maswali yenyewe yaliwekwa na sheria. Iliandikwa siku zilezile za safari, na watu ambao hawakuwa na faida wala hasara katika uraia wa Ujerumani wa 1914. Tamko la 1915 halina sifa hizo kuhusu tarehe. Karatasi mbili za serikali zikigongana, usiulize ipi ina muhuri mkubwa zaidi. Uliza nani aliandika, lini, na alijuaje.

Lakini ni yeye?

Tarehe nzuri ya mtu asiye wako haikusaidii. Orodha za 1904 hazina mahali pa kuzaliwa, safu hiyo iliongezwa na sheria ya 1906, wala hazina jina la ndugu aliyebaki nyumbani, ambalo lilianza kuulizwa baada ya sheria ya 1907. Miaka mitatu baadaye jina la mama au baba yake kijijini lingekuwa kwenye ukurasa. Hapa halipo, ikabidi utambulisho ujengwe kwa vipande.

Kijiji na umri vinalingana na daftari la vizazi la Standesamt, ofisi ya usajili wa kiraia: Wilhelm mwenye jina hilo la ukoo, amezaliwa Agosti 1880. Usajili wa kiraia ulienea Ujerumani nzima kuanzia 1 Januari 1876, na madaftari ya vizazi yakivuka miaka 110 huhamia kwenye hifadhi za nyaraka, ambako kuyapata ni rahisi zaidi. Ombi la tajnisi la 1922 linataja siku hiyohiyo ya kuzaliwa na kijiji hichohicho. Daftari na ombi vinashikana barabara.

Kipande kilichobaki kilikuwa kuiunganisha orodha ya meli na Milwaukee, na kilipatikana kwa sababu ya alama ya X. Ipo pembeni mwa jina lake, upande wa kushoto kabisa, ndogo kama doa. X hiyo humaanisha abiria alishikiliwa kwa muda, na walioshikiliwa waliandikwa kwenye karatasi ya peke yao, mwishoni mwa orodha ya meli ile. Mwombaji alikuwa amehifadhi ukurasa wa mstari tu. Aliporudi na kupeleka filamu mbele hadi mwisho wa meli, alimkuta: sababu ya kushikiliwa, fedha. Ameachiliwa baada ya fedha kufika kutoka kwa shemeji, na hapo jina la shemeji limeandikwa kamili pamoja na mtaa wake. Safu za mwisho zinahesabu milo aliyopewa: vifungua kinywa viwili, vyakula vya mchana viwili, cha jioni kimoja. Kijana wa miaka 23 mwenye dola 12 alikaa kisiwani akingoja fedha, na mtu fulani alikaa akihesabu milo yake.

Shemeji huyo yumo kwenye kitabu cha anwani cha Milwaukee, mtaa uleule. Cheti chake cha ndoa kinamtaja mke mwenye jina la ukoo la mhamaji, mzaliwa wa kijiji kilekile. Dada mtu, shemeji, kijiji, mtaa. Baada ya hapo sioni Wilhelm mwingine anayeweza kukikalia kiti hicho.

Yale ambayo orodha haiyasemi

Kwenye safu ya taifa kumeandikwa Mjerumani. Mwombaji alitaka kuipigia mstari kwa rangi. Nilivyo mimi, ningeiacha. Hilo ni jibu alilopewa karani, na karani hakuwa na kazi ya kuamua uraia wa mtu. Mamlaka inayoshughulikia maombi ya walio nje ya Ujerumani, Bundesverwaltungsamt iliyoko Köln, itauangalia uraia kupitia kuzaliwa, ndoa na nasaba. Orodha ya abiria imeitwa kujibu swali moja tu, la kuondoka, na isibebeshwe mengine.

Vivyo hivyo kuhusu usajili wa 1918, Marekani ilipowaandikisha Wajerumani wasio raia kama watu wa taifa adui. Picha, alama za vidole, kila kitu. Unashawishika kusema: tazama, hata 1918 alihesabiwa Mjerumani. Kwa macho ya Marekani, ndiyo. Lakini aliyepoteza uraia chini ya kifungu cha 21 na hajapata mwingine angeandikishwa vilevile. Karatasi hiyo inagusa moyo, na kwenye swali letu haitoi jibu.

Faili lilipangwa hivi: fomu kuu ya ombi, na kiambatisho kimoja kwa kila mzazi na babu kwenye mnyororo, nakala iliyothibitishwa ya ukurasa mzima wa orodha, kichwa kikiwemo, pamoja na karatasi ya walioshikiliwa, kisha maelezo ya ukurasa mmoja yanayokiri waziwazi kwamba tamko la 1915 linasema Novemba 1903 na kueleza kwa nini tarehe hiyo haikuwahi kuhakikiwa. Kulificha tamko lingekuwa kosa kwa kila namna. Lazima faili la tajnisi liwemo, kwa kuwa ndilo linaloonyesha alibadili uraia 1922 na si kabla ya 1916, na msomaji ataiona tarehe ile. Ni heri aione ikiwa na maelezo.

Cheti cha ndoa ya 1913 ndicho kilichokuwa kikikosekana, na kilichukua miezi, kwa kuwa ndoa ilifungwa wilaya ya jirani. Bila hicho mtoto wa 1916 asingeonekana kuwa wa ndani ya ndoa, na uraia wa baba usingemshukia.

Tawi la pili

Mhamaji alikuwa na binti pia, aliyezaliwa 1918. Mstari uleule wa Februari 1904 unamfanya naye kuwa alizaliwa Mjerumani. Aliolewa na Mmarekani mwaka 1940, na kwa sheria ya wakati ule mwanamke aliyeolewa na mgeni aliupoteza uraia siku ya ndoa. Watoto wake walikua wakijua kwamba mlango umefungwa.

Tangu tarehe 20 Agosti 2021 haujafungwa wote. Kifungu cha 5 cha sheria ya uraia ya Ujerumani kinawapa waliozaliwa baada ya kuanza kwa Katiba, tarehe 23 Mei 1949, na mama aliyepoteza uraia kwa ndoa, pamoja na vizazi vyao, haki ya kuupata kwa tamko, na muda wa kutoa tamko hilo ni miaka 10. Binti huyo alizaa wawili: wa kwanza 1946, wa pili 1951. Wa pili na watoto wake wanaingia. Wa kwanza kifungu hicho hakimfikii, na kwake itabidi itafutwe njia nyingine.

Mwombaji aliwatumia binamu zake nakala ya ukurasa wa meli na karatasi ya milo, pamoja na tarehe ya mwisho: 19 Agosti 2031.